Wimbo Uliokosa Waitikiaji

Mwakeye, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Mwenyekiti ameniita nisimame, kisha akaniangalia kwa jicho la kusema, "Usituimbie kwanza." Basi naanza na maneno.

Wengi hapa Rusimbi mnanijua kwa ule wimbo wa kiuno. Usicheke, mama wa kitenge cha bluu, kwenye harusi ya mwanao niliurudia mpaka sauti ikakwaruza! Niliutunga nikiwa binti mdogo, ukanilisha, ukanitembeza kumbi zote za Ujiji. Lakini nawaambia, mtu anakua. Nikaanza kusikia nyimbo nyingine ndani yangu, za polepole, zenye sauti ya bibi yangu. Bibi alivuka ziwa kutoka Kongo na mtoto mgongoni, na hakuwahi kusimulia alichokiacha kule. Nikamtungia wimbo.

Niliupeleka uwanjani Katubuka siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wako nchi kavu na mji umejaa. Jua lilikuwa halijazama. Ubeti wa kwanza, kimya. Nikadhani wananisikiliza. Wa pili, mluzi. Halafu kijana mmoja wa mbele akapaza sauti, "Dada, umefiwa? Tupe kiuno!"

Uwanja mzima ukadaka. "Kiuno! Kiuno!"

Nikafumba macho, nikaendelea. Chupa ya maji ikanipata begani. Mpiga kinanda wangu akaninong'oneza, "Wape wanachotaka tuondoke salama." Mdundo ukabadilika kabla sijakubali. Nikafungua mdomo. Halikutoka hata neno. Walewale walioniita malkia wakanizomea mpaka mlangoni mwa gari.

Nikaacha kuimba. Si kwa hasira, sauti ilikuwa haiji. Nikifua, kimya. Ibadani wenzangu wakiimba, mimi nachezesha midomo tu. Shangazi yangu, anayeanika dagaa Kibirizi, akaja kunitoa ndani. "Njoo ushike kazi. Humu utaota kuvu."

Kule nako sikupumua. Kila aliyepita na beseni alikuwa na lake: "Ee Kiuno, leo dagaa nao wanakuzomea?" Nacheka nao, ndani naungua.

Siku moja, dagaa wakiwa nusu wakavu kwenye vichanja, wingu likaja kutoka ng'ambo, jeusi, limetanguliza upepo wa baridi. Mnaofanya kazi ile mnajua: dagaa wa hali hiyo wakilowa wanaoza, na ukiwakurupusha wanavunjika, hakuna atakayewagusa sokoni. Wanawake wote wa mstari wetu walikuwa wameweka pale kila walichonacho. Huwa kuna mama anayeongoza kwa wimbo ili mikono iende pamoja, na siku ile alikuwa mgonjwa. Shangazi akanigeukia.

"Wewe mwenye koo! Tuongoze!"

Nikaogopa. Nikashika ule wa kiuno, maana ni wa haraka na mvua ilikuwa inakuja mbio. Sauti ikatoka, mbovu, lakini ikatoka. Ndugu zangu, ilikuwa balaa! Mikono iliparamia vichanja, vichwa vya dagaa vikaruka, mabeseni yakagongana.

"Acha!" shangazi akafoka. "Unatuvunjia dagaa! Taratibu!"

Wa taratibu nilikuwa nao mmoja tu.

Nikaanza wimbo wa bibi. Mstari, kisha pumzi, mikono ikachota. Mstari, pumzi, mikono ikamimina. Na pale kwenye pumzi, mahali nilipoacha kimya kwa sababu nilikiona kizuri, mama mmoja akatia neno lake: "Vuka, mama." Wenzake wakaliokota. "Vuka, mama." Tone la kwanza lilipodondoka, dagaa walikuwa wameshafunikwa turubai, na uso wangu ulikuwa umelowa kabla ya mvua.

Hapo nikaelewa. Wimbo ulikuwa mzima, na kukua kwangu sikujutii. Ila sikuwa nimewaonyesha watu mahali pa kuingilia.

Mbalamwezi nyingine nikarudi uwanja uleule. Shangazi na wenzake wakasimama mbele na vitenge vyao vya kazi. "Kiuno!" ilianza mapema. Nikaimba mstari wa kwanza, nikanyamaza. Kimya kile, acheni tu. Kisha kutoka mbele: "Vuka, mama." Wapo waliotoka wakisonya. Yule kijana nilimwona akiondoka, sikumwita. Waliobaki hawakujaza hata nusu ya uwanja, lakini waliitikia, na nikaumaliza wimbo wangu kwa sauti yangu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wanawake wa vichanja. Majina siyataji, harufu ya dagaa inawataja. Shangazi, uliponifokea ndipo uliponiponya. Nanyi vijana mnaotunga, msiombe radhi kwa kukua. Wa kuondoka ataondoka. Ila kila mnapotunga, acheni pumzi ya mwenzenu.

Mwenyekiti, sasa naomba ruhusa. Nitaimba mstari mmoja, halafu nitanyamaza.

Mnajua cha kufanya.