Amplifaya ya Mzee Tadeo

Ndani ya basi la Dongobesh, Muksini, fundi redio, alimsikiliza Mzee Tadeo aliyeketi naye akiisifia amplifaya yake mpya ya bei nafuu.

"Mzee wangu, spika kubwa kama hizo ulizoachiwa na padri zinataka mashine nzito. Hiyo haitaziweza."

"Labda, kijana wangu. Lakini jana niliweka kanda ya kwaya, marehemu mke wangu anaongoza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza."

Muksini alitaka kubisha kwamba hiyo ni kazi ya spika.

"Anaanzaje?" aliuliza badala yake.

Mzee akaimba taratibu. Basi liliposimama, Muksini, aliyepaswa kushuka, alibaki ameketi hadi ubeti ulipoisha.