Safari ya Mamba: Maisha ya Mwalimu Eliezeri Mgonja, 1967–2025

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika Kihurio leo, Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, familia inawashukuru kwa moyo wote. Kabla hatujaanza, mjue kwamba marehemu aliacha ombi moja tu kuhusu mazishi yake, nalo limetutoa jasho. Aliomba kwamba safari ya wanafunzi wake wa kidato cha pili kwenda Mamba, kule mlimani, isiahirishwe hata siku moja, hata kama siku hiyo ndiyo anazikwa.

Mwalimu Eliezeri alizaliwa tarehe 4 Februari 1967 hapa Kihurio, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wilson Mgonja na marehemu Mama Dorkas. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu wa Kilutheri. Alikulia kwenye majaruba ya mpunga, miguu majini, na maswali yake yaliwachosha watu. Alipomuuliza baba yake maji ya mfereji yanatoka wapi, aliambiwa yanatoka mlimani. Na mlimani yanatoka wapi? "Kaulize huko huko," alijibu Mzee Wilson, akidhani amemaliza maneno. Mtoto akaondoka. Alikutwa jioni chini ya mlima, bado anafuata mfereji, na siku hiyo alichapwa vizuri.

Alisoma shule ya msingi hapa Kihurio kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari mjini Same, 1982 hadi 1985. Huko Same alikuwa akitazama mawingu yamekaa juu ya milima ya kwao wakati mji unakula vumbi, na jambo hilo lilimkera kama deni. Alimaliza kidato cha sita Tanga mwaka 1988 na kupata stashahada ya ualimu mwaka 1990.

Januari 1991 aliajiriwa katika sekondari moja ya tambarare na akafundisha jiografia kidato cha kwanza na cha pili mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Mara kadhaa aliombwa apande madarasa ya juu. Alikataa, akisema huko wanakwenda watoto ambao tayari wanajua walipo. Alifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, akarudia kwa Kiswahili, na palipokwama alimalizia kwa Chasu, lugha yetu ya Upareni. Siku moja, ili kuonyesha usiku na mchana vinavyotokea, alifunga madirisha ya darasa, akampa mwanafunzi mmoja tochi awe jua, na mwenzake Rogathe akawa dunia ya kuzunguka. Rogathe alizunguka kwa bidii mpaka akaanguka juu ya meza. "Msiogope," Mwalimu alisema, "dunia yenyewe ina pumzi kuliko huyu." Rogathe mwenyewe, ambaye sasa ni muuguzi, yupo hapa na ameturuhusu kulisema hili.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa safari ya kidato cha pili. Kila Agosti aliwapeleka wanafunzi chini ya mlima, wakasoma kipimajoto, kisha wakapanda kwa miguu hadi Mamba na kukisoma tena. Njiani waliona ndiva, lile bwawa la wakulima linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Waliona miti ikibadilika, wakavaa masweta. Wakifika juu, upepo wa upande wa bahari ukiwapiga usoni na ukungu ukiwalowesha, hakuna aliyehitaji kukariri kwa nini mvua hunyesha huko juu na Same ikakosekana.

Safari ya kwanza, ya mwaka 1993, ilikuwa vituko vitupu. Mwalimu alikuwa kijana wa tambarare mwenye ramani mpya, na kiburi cha ramani kilimpanda kichwani. Akaacha njia ya watu na kuchagua mstari ulionyooka. Baada ya muda darasa zima lilikuwa linatambaa kwa mikono.

"Mwalimu," mwanafunzi wake Agatha alimwambia, "si ulitufundisha juzi kwamba mistari ya kontua kwenye ramani ikibanana, hapo ni genge?"

"Nilifundisha," alijibu, ameukumbatia mgomba asiporomoke. "Sasa mmeliona kwa macho."

Waliporomoka kweli, wakaangukia katikati ya shamba la tangawizi la Mzee Filemoni Mshana. "Ninyi ni wanafunzi au ng'ombe?" mzee aliuliza, na bila kungoja jibu akagawa majembe. Walipalilia hadi alasiri, Mwalimu akiwa mstari wa mbele. Aliyewaletea chai ni Beatha, binti wa mzee. Mwalimu alirudi wiki iliyofuata kuomba radhi. Akarudi tena mwezi uliofuata kuomba radhi ileile, hadi Mzee Filemoni akasema, "Kijana, tangawizi imeshaota. Sema unachotaka."

Walifunga ndoa Mamba tarehe 16 Desemba 1995. Mungu aliwajalia watoto watatu: Careen, Samweli na Neema. Tangu hapo safari zote ziliishia nyumbani kwa wakwe, kwa chai ya tangawizi, na kwa njia ya watu.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Moshi. Hata wodini alifundisha. Alimuuliza muuguzi dirisha lake linatazama upande gani. "Linatazama maegesho, Mwalimu," dada yule alijibu, akacheka mpaka akashika mbavu. Alirudi nyumbani Julai akiwa dhaifu sana, akapanga safari ya mwaka huu akiwa kitandani. Alifariki kwa utulivu Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Beatha.

Jumanne familia ilikaa. Kaka yake mkubwa, Mzee Elinaza, alikataa katakata. "Tangu lini kwetu Upareni wanafunzi wakaacha kumzika mwalimu wao wakaenda kutembea? Watu watatuonaje?" Wengi wetu tulimuunga mkono, na wanafunzi wenyewe walilia wakitaka kuja. Beatha akasema, "Shemeji, hakuniomba gari wala jeneza zuri. Ameniomba hili tu, na mimi siwezi kumnyima." Mzee Elinaza akajifuta macho kwa kofia. "Basi wasiende peke yao kama yatima," alisema. "Nitawapeleka mimi."

Kwa hiyo, mnaouliza aliko kaka wa marehemu, ameondoka alfajiri na kidato cha pili. Aliweka sharti moja: mdogo wake asishushwe kaburini kabla hawajafika juu.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada mmoja, na wanafunzi waliotawanyika nchi nzima wakijua mvua inatoka wapi.

Mwenyezi Mungu ampokee na ampe pumziko jema. Sasa tunaomba tuimbe taratibu na tuvumiliane na jua. Simu iko mkononi mwa Beatha. Mzee Elinaza akishapiga kutoka Mamba na kutusomea kipimajoto, ndipo tutamzika.