Mama Mbuke Hajaacha Kukua

Kijiwe chetu hapa Nyahanga kiko nyuma ya mashine ya kusaga: benchi moja la mbao na jiko la kahawa la Mama Wema. Mimi ndiye msomaji wa kijiwe. Kusoma nimejulia ukubwani, kwenye kisomo cha kanisani, na sasa siruki hata nukta. Jana alasiri Mayala, ambaye macho yake yana ukungu, akanipa simu nimsomee ujumbe wa binti yake. Mbuke yuko Ulaya, mtafiti wa chembe za mwili.

Nikasoma kwa sauti: "Shikamoo baba. Mkataba wangu unaisha Ijumaa, hawaongezi. Zile chembe ambazo mama alikubali zitolewe kabla hajafariki bado ziko hai. Mwaka wa sita huu nazilisha, zinakua, zikijaa nazigawa. Maabara ninayokwenda hawazitaki. Nizimalize, au nimwachie mtu mwingine azilishe? Naomba jibu leo."

Mama Wema akaacha kumimina.

— Zinakula nini?

— Maji mekundu, — akasema Mayala. — Alinionyesha picha.

— Ngoja kwanza, — akadakia Duara, mchimbaji aliyewahi kufukiwa siku mbili kwenye shimo kule Geita. — Mbuke si daktari wa vitabu? Msomi mzima anakatiwa mkataba kama kibarua?

— Huu wa tatu. Kila ukiisha anahama nchi. Ana miaka arobaini na moja.

— Basi ni mwenzetu. Unachimba shimo la mtu, likifungwa unatoka na vumbi la nguo tu.

— Yeye angetoka na mama yake, — Mama Wema akasema.

— Si ndo hawataki sasa!

Duara akasogea.

— Baba Mbuke, lile kaburi la mkeo bado linatitia?

— Kila masika. Mwaka huu nimeongeza toroli tatu.

— Mimi udongo naujua. Mwaka mmoja, umetulia. Ukiona bado unashuka, kuna kitu chini kinapungua.

— Kinakwenda wapi?

— Kule kinakoongezeka.

— We Duara, koma!

— Mama Wema, piga hesabu mwenyewe. Miaka sita zinakua, zinagawiwa. Si zimeshatosha mtu mzima? Labda amesimama humo ndani, anangoja kuitwa.

Mayala akakiweka kikombe chini.

— Andika azimalize. Mke wangu nilimzika mara moja. Sitaki alishwe na watu nisiowajua.

Nikaandika, herufi moja moja. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni pembeni, anasubiri unga wake. Alikuwa anatusikia muda wote.

— Mwadila, wazee, — akatusalimu kwa Kisukuma. — Samahani. Huyo mama, kuna mtu ameshamwambia kwamba alikufa?

Mama Wema akajifunika khanga mabegani, na jua lilikuwa linawaka.

— Futa, — akasema Mayala.

Nikafuta yote.

— Andika: Mbuke mwanangu, leo usizimalize. Kwanza kaa na mama yako, umwambie. Mwambie kwa Kisukuma, pole pole, asishtuke.