Waksi Aliyoiacha Gidion wa Lemara

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko barabarani, punguza mwendo. Na wewe unayeosha gari muda huu kwa sabuni ya unga, hebu weka chini hilo dodoki, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye angekunyang'anya.

Tunamkumbuka Gidion Nnko. Gidion Nnko, mwosha magari wa Lemara, hapahapa Arusha. Amefariki Alhamisi, figo zilimshinda. Amezikwa Jumamosi kwao Akheri, kwenye migomba ya baba yake. Na hiyo Jumamosi asubuhi, kabla ya mazishi, lilitokea jambo uani kwake Lemara. Mjane wake, Elinipa, ametuambia tulisimulie lote, hata pale alipokosea.

Gidion alizaliwa Akheri, mtoto wa wakulima wa kahawa. Akiwa kijana, mchungaji wao alifika na gari jeusi, limejaa matope ya masika. Gidion akasema moyoni, huyu mtumishi wa Mungu leo nitamfurahisha. Akachota majivu jikoni, akachukua dodoki, akalisugua lile gari kwa nguvu zake zote, huku anapiga mluzi. Mchungaji akatoka. Akalizunguka. Loh! Gari limekwaruzika kutoka boneti mpaka nyuma. Akauliza kwa upole, "Gidion, umeosha gari au umeosha sufuria?"

Ule upole ulimchoma kuliko bakora. Kuanzia hapo Gidion hakutulia tena. Alishuka mjini, akaingia gereji za wapaka rangi, akauliza maswali mpaka wakamkimbia. Kwa nini rangi inapauka? Kwa nini ile inang'aa na hii haing'ai? Alipopata majibu akafungua uwanja wake Lemara, na kila Jumamosi alifundisha bure watu wenye gari la kwanza. Walimu, manesi, wachuuzi, yeyote.

"Usifute vumbi kavu!" ndivyo alivyoanza. "Vumbi letu ni mchanga wa mlima. Ukilifuta kavu, unaipiga rangi yako msasa. Mwagia maji kwanza, kutoka juu. Ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, moja ya kusuuzia kitambaa. Na kivulini, jamani, kivulini! Bodi likiwa la moto, sabuni inakukaukia." Huku anasema, huku anazunguka gari. Hakai huyo. Elinipa anatuambia, "Hata kanisani shingo iko dirishani. Kaona kinyesi cha ndege kwenye gari la mzee wa kanisa. Namfinya, ananiambia, 'Mama Susana, ile kitu inakula rangi!' Mahubiri yote yakampita."

Elinipa mwenyewe ni fundi cherehani. Magari hayakumhusu. Gidion alikuwa na pikapu yake ya kijani, aliyoifuta na kuipaka waksi miaka nenda rudi, na Elinipa akaiita "mke mwenzangu". Anaitania, lakini kidogo na wivu upo, msimcheke.

Kisha figo zikaanza kumsumbua Gidion. Mikono ikakosa nguvu. Kwa mara ya kwanza akawa anakaa kwenye kigoda, na Elinipa ndiye anashika kitambaa. Ndivyo mjane huyu alivyokuwa mwanafunzi wa mwisho wa Gidion Nnko.

"Umeacha tone hapo."

"Wapi?"

"Hapo, chini ya kioo. Litaacha doa."

"Gidi, mimi nashona sare, siyo malaika."

Waligombana, wakacheka, pikapu ikatakata. Elinipa akajua kuosha, kusuuza na kukausha. Siku ya Jumanne Gidion akamwambia, "Kuosha umefuzu. Bila waksi, rangi iko uchi mbele ya jua. Waksi nitakufundisha Jumamosi."

Alhamisi akafariki. Kopo la waksi likabaki dirishani, halijafunguliwa.

Ndugu wakakaa kikao. Thomasi, mdogo wake Gidion, ndiye aliyesimamia msiba, na wakaamua jeneza lipande Akheri na pikapu hiyohiyo. Elinipa akawekwa godoroni sebuleni pamoja na kina mama, kama desturi ilivyo kwa mfiwa. Lakini godoro likawa na miiba. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani, anarudi. Na hakulia. Watu wanaimba, wanalia, yeye macho makavu. Kina mama wakaanza kunong'ona, huyu asipolia itamkuta baadaye.

Jumamosi asubuhi akasikia sauti kutoka uani. Kwaru, kwaru, kwaru. Masikio ya Elinipa yakasimama. Lile ni dodoki!

Akatoka mbio, khanga inaburuzika. Akawakuta binamu wawili wa Gidion na beseni la povu la sabuni ya unga, wanataka kuanza boneti. Tairi walishamaliza.

"Acheni! Wekeni chini! Naosha mimi."

Thomasi akaja na simu sikioni. "Shemeji, rudi ndani, tafadhali. Mfiwa anaoshaje gari? Watu watatusemaje?"

"Waseme. Nipe hiyo ndoo."

"Mochwari wanatungoja, shemeji."

"Gidion hana haraka, Thomasi. Mwenye haraka ni wewe."

Thomasi akairudisha simu sikioni. Elinipa akaisukumia pikapu kivulini, wale binamu wakimsaidia, akaiosha kama alivyofundishwa. Maji kutoka juu. Ndoo mbili. Akaikausha, hakuacha tone. Hadi hapo mambo yako sawa.

Kisha akaenda kuchukua lile kopo dirishani. Thomasi akashika kichwa.

Wasikilizaji wapendwa, Elinipa hakuwahi kushika waksi maishani mwake. Lakini aliona aibu pikapu impeleke mumewe bila waksi ambayo marehemu mwenyewe aliahidi kumfundisha. Akachota. Akapaka. Akachota tena, zaidi. Aliogopa kumbania Gidion siku ya mwisho, kwa hiyo akapaka nene, gari zima, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa sikukuu. Alipoanza kufuta, haikutoka. Ikavutika, ikaacha michirizi myeupe. Anafuta mlango, weupe unahamia pembeni. Anafuta pembeni, unarudi mlangoni. Pikapu ya kijani ikawa kama imemwagiwa unga.

Basi la waombolezaji limeshafika. Dereva anapiga honi. Susana, binti yao, akamshika bega akilia. "Mama, basi. Inatosha."

"Haijatosha!"

"Tuifunike na shuka jeupe tu, shemeji," akasema Thomasi.

"Thubutu!"

Hapo akatoka Namnyaki, jirani yake, hana viatu, mkononi ana fulana kuukuu laini. Hakuuliza la msiba wala la desturi. Akauliza, "Mama Susana, hii tunafutaje?"

Elinipa akatazama kitambaa chake mwenyewe. Kilikuwa kimeshiba waksi, kimekuwa kigumu. Alikuwa anarudisha kilekile anachokitoa! Akakigeuza upande safi, akafuta pole pole, mahali padogo. Kijani kikatokea.

"Geuza kitambaa," akasema. "Kikichafuka, geuza. Usikandamize."

Kina mama wakatoka sebuleni mmoja mmoja, huyu na taulo la mtoto, yule na fulana. Godoro likabaki peke yake. Thomasi akazima simu. "Shemeji, na mimi nipe."

Wakafuta wote. Sehemu ya mwisho ilikuwa mlango wa dereva, na Elinipa akaufuta mwenyewe. Weupe ukatoka, rangi ikang'aa hadi akauona uso wake. Akageuka kwa furaha, mdomo wazi, amwite Gidion aje aone.

"Gidi..."

Ndipo alipolia. Alilia akapiga magoti, ameshika kitambaa, na Namnyaki akapiga magoti naye. Thomasi, yule mwenye haraka, alisimama pale na taulo la mtoto mkononi mpaka shemeji yake alipomaliza. Mochwari walingoja.

Gidion Nnko alipanda Akheri na pikapu yake ya kijani. Amefariki Alhamisi, amezikwa Jumamosi. Mama Susana, pole sana. Susana, Thomasi, ukoo wote wa Nnko na majirani wa Lemara, poleni. Tunalia pamoja nanyi.

Elinipa ametupa ujumbe. Amesema, "Waambieni wanaoanza wapake nyembamba. Mimi nilipaka nene mno. Gidion angenigombeza mchana kutwa."

Kisha akaongeza, "Ningekaa hapo nimsikilize."

Wasikilizaji wapendwa, kama yupo nyumbani kwako wa kukugombeza, kaa naye jioni hii. Mwache akugombeze.