Fyuzi ya Nne

Fundi: Haloo? Ni nani?

Mzee Kona: Ni nani? Namba yangu umeifuta?

Fundi: Ah, Mzee Kona! Shikamoo mzee wangu. Simu hii mpya, majina yote yame—

Mzee Kona: Marahaba. Umelifanya nini gari langu?

Fundi: Gari? Lile jekundu?

Mzee Kona: Kwani nina karakana? Jekundu, la milango miwili, lililotoka kwako wiki mbili zilizopita likiimba. Sasa ukiwasha linakohoa tu. Fyuzi imeungua. Nimeweka nyingine, puu! Nimeweka ya tatu, puu!

Fundi: Basi acha kuweka, mzee! Fyuzi ikiungua mara tatu, kuna waya imegusa bodi mahali. Utalichoma gari na banda lake.

Mzee Kona: Nani aliigusisha?

Fundi: Sijui. Sipo hapo.

Mzee Kona: Ulikuwepo wiki mbili zilizopita.

Fundi: Mzee, hebu—

Mzee Kona: Daktari wa meno amekuja kwako?

Fundi: Yupi?

Mzee Kona: Usinifanye mtoto. Yule mwenye gari jeupe. Jumamosi ni msafara wa magari ya zamani. Miaka kumi na tisa natangulia mimi mbele, yeye ananusa moshi wangu. Na gari lake nani analitengeneza? Wewe.

Fundi: (anacheka) Kwa hiyo nimeliua gari lako ili daktari wa meno apite mbele?

Mzee Kona: Mimi nimeuliza tu.

Fundi: Sikiliza, mzee. Nimesoma umeme wa magari chini ya magari, si darasani, na hakuna gari lililowahi kunishinda. Hakuna! Niulizie mji mzima. Sasa mimi niko juu ya lori la watu hapa, siwezi kuja leo wala kesho. Lakini simu ipo, mikono unayo. Tunautafuta pamoja ugonjwa wa hilo gari. Ukikuta ni mimi, nitakuja kukupigia magoti mbele ya daktari wako wa meno.

Mzee Kona: Hmm.

Fundi: Uko ndani ya gari?

Mzee Kona: Niko bandani. Ngoja nikuweke spika... Haya. Uko juu ya dashibodi. Fanya haraka. Binti yangu anatoka zamu hospitali saa kumi, sitaki anikute nimejikunja humu.

Fundi: Kwani binti atasema nini?

Mzee Kona: Fanya haraka, nimesema.

Fundi: Haya. Zima swichi ya ufunguo. Kwenye boksi la vifaa nilikuachia balbu ya indiketa yenye waya mbili. Umeiona?

Mzee Kona: ...Hii hapa. Nimeipapasa.

Fundi: Sasa nenda kwenye fyuzi. Iliyoungua ni ya ngapi?

Mzee Kona: Hii ya... hii ya katikati.

Fundi: Namba, mzee. Kila moja ina namba juu yake.

Mzee Kona: Zimefutika.

Fundi: Zimefutika? Nimeziandika kwa mkono wangu, rangi nyeupe, kubwa kama za mlango wa—

Mzee Kona: Zimefutika! Au hukuziandika.

Fundi: Sawa. Hesabu kwa kidole toka kushoto.

Mzee Kona: Moja... mbili... tatu... Ya nne.

Fundi: Ya nne. Hiyo inalisha pampu ya petroli, basi, hakuna kingine. Ndiyo maana linakohoa bila kuwaka. Sasa chomeka ncha mbili za balbu pale pale fyuzi ilipokuwa. Balbu ndiyo itakuwa fyuzi yetu. Haiungui, yenyewe inawaka tu.

Mzee Kona: Nimechomeka.

Fundi: Fungua ufunguo, usipige staa, injini isizunguke. Nini?

Mzee Kona: Inawaka. Kali. Hii hata mimi—inawaka.

Fundi: Hata wewe nini?

Mzee Kona: Inawaka, bwana! Endelea.

Fundi: Basi umeme unavuja njiani. Nenda nyuma, fungua buti, chomoa plagi ya pampu. Ya kulia, yenye waya ya kahawia.

Mzee Kona: Kuna mbili hapa.

Fundi: Ya kahawia, mzee. Nyingine ni nyekundu.

Mzee Kona: Naona... zimeshika vumbi zote.

Fundi: Nilizifuta mwenyewe.

Mzee Kona: Basi zimeshika tena! Hii ya kulia nimechomoa. Balbu bado inawaka, naona mwanga wake kwenye kioo.

Fundi: Basi pampu haina kosa. Ubaya uko kwenye waya, kati ya mbele na nyuma. Na waya hiyo inapita chini ya zulia, ubavuni mwa kiti cha dereva. (mkwaruzo) Haloo?

Mzee Kona: Nipo. Mtandao wenu mbovu kama kazi yako.

Fundi: Tutaona kazi ya nani mbovu. Kaa kwenye kiti. Jitikise kidogo.

Mzee Kona: Nimekaa. Ee! Imezima. Imewaka. Imezima tena!

Fundi: Unapokaa inacheza?

Mzee Kona: Inakonyeza kama mwanamke wa sokoni.

Fundi: (anacheka) Basi tumempata! Ni reli ya kiti inaitafuna waya. Lakini ngoja... haiwezekani. Waya pale nimeipitisha mbali na reli. Wewe unakaa nyuma kabisa, mikono imenyooka, kiti hakijasogea tangu nikujue.

Mzee Kona: Nimekisogeza mbele.

Fundi: Kiasi gani?

Mzee Kona: Kidogo.

Fundi: Matundu mangapi ya reli?

Mzee Kona: Wewe ni fundi au askari? Mpaka mwisho. Mgongo unaniuma. Nilikisogeza Jumatano, nikawasha, halikuwaka.

Fundi: Mgongo. Sawa. Na kioo cha taa ya kushoto nilichokuwekea, kile ulichosema kimepigwa na jiwe...

Mzee Kona: Jiwe.

Fundi: Lilikuwa jiwe la kijani? Maana kwenye bampa nilisugua rangi ya kijani robo saa nzima.

Mzee Kona: Umeitwa kutafuta waya.

Fundi: Nimeitwa kutukanwa, waya nimeongezewa. Haya, kirudishe kiti nyuma, inua zulia upande wa mlango. Uniambie unagusa nini.

Mzee Kona: Ngoja... (anahema) Kuna waya. Kuna... hii nini? Kuna kiungo hapa. Umekata waya yangu ukaunga!

Fundi: Sijakata kitu.

Mzee Kona: Nimekishika kwa mkono, kijana! Waya imekatwa, imeungwa kwa waya nyingine nyeupe, mbili, zinakwenda chini ya kiti cha abiria. Mwizi mkubwa! Umenifungia kitu gani humu?

Fundi: Mzee, tulia. Kiungo kimefungwa kwa nini?

Mzee Kona: Tepu.

Fundi: Iguse vizuri. Viungo vyangu nachoma kwa risasi ya kuyeyusha, nafunga uzi wa nta, ndipo natia tepu nyeusi. Kuna uzi hapo?

Mzee Kona: Hakuna uzi.

Fundi: Risasi?

Mzee Kona: Hakuna. Imesokotwa tu.

Fundi: Na tepu yenyewe? Ni ya plastiki, inateleza?

Mzee Kona: Haitelezi. Ni ya kitambaa. Ina... ina vitundu vidogo. Imeloa kidogo, pale reli imeichubua. Inanuka...

Fundi: Inanuka nini?

Mzee Kona: Inanuka dawa ya vidonda.

Fundi: Ni plasta hiyo?

Mzee Kona: Imezungushwa vizuri sana. Mara tatu, ncha imekunjwa ndani isichomoke. Kama kidole cha mtoto.

Fundi: Sasa nani kwenu ana plasta ya— Ah.

Mzee Kona: Ulijua.

Fundi: Mimi? Hapana, mzee.

Mzee Kona: Ulijua! Sauti yako imebadilika. Sema.

Fundi: Mzee, mimi...

Mzee Kona: Sema, au nakata simu hii na undugu nao.

Fundi: Alikuja hapa gereji. Wiki iliyopita, na sare yake ya unesi. Akaniuliza gari la zamani linazuiwaje lisiwake bila kuliharibu. Akasema anaogopa wezi. Nikamwambia swichi ya siri kwenye waya ya pampu, kitu chepesi. Nikamchorea juu ya pakiti tupu ya fyuzi. Sikujua atafunga mwenyewe! Nilidhani ataniita mimi.

Mzee Kona: Wezi.

Fundi: Ndivyo alivyosema.

Mzee Kona: Huyu mtoto nimemlea mimi mwenyewe toka mama yake afariki. Ana miaka thelathini na moja. Ananikatia waya nikiwa nimelala mchana.

Fundi: Mzee, tafuta mwisho wa hizo waya nyeupe. Chini ya kiti cha abiria.

Mzee Kona: ...Ipo. Swichi. Hii ni ya taa ya kitandani kwake. Nilimnunulia mwenyewe.

Fundi: Inua kiungo kisiguse chuma. Balbu?

Mzee Kona: Imezima.

Fundi: Kabisa? Basi umeme ulikuwa unavujia hapo. Rudisha plagi ya pampu kule nyuma, halafu bonyeza swichi.

(hatua, buti inafungwa)

Fundi: Mzee?

Mzee Kona: Nimebonyeza. Balbu ina mwanga mdogo. Na pampu... sikiliza. Unaisikia?

Fundi: Naisikia! Inaimba! Nilikwambia hakuna gari linalonishinda! Tia fyuzi mpya, piga staa, Jumamosi daktari wa meno atanusa moshi mpaka alewe!

Mzee Kona: Inaimba, ndiyo.

Fundi: Mbona hufurahi?

Mzee Kona: Ilikuwa baiskeli.

Fundi: Nini?

Mzee Kona: Ile rangi ya kijani. Kona ya shule. Kona niliyopita miaka arobaini, nikapewa na jina. Binti alikuwa amekaa hapa pembeni. Alipiga kelele kabla mimi sijaona kitu. Mtoto aliruka, hakuumia. Baiskeli ilipinda.

Fundi: Mzee wangu...

Mzee Kona: Hakusema neno mpaka nyumbani. Alipika, akala, akaosha vyombo. Mimi nikajua yamekwisha.

Fundi: Na macho, umeyapima?

Mzee Kona: Nimekwambia mgongo.

Fundi: Sawa. Mgongo.

Mzee Kona: Saa ngapi?

Fundi: Kumi kasoro dakika chache.

Mzee Kona: Kiti nimekirudisha nyuma, pale pa zamani. Nimekaa. Unajua, nikikaa huku geti silioni. Naona kitu cheusi tu, kama shimo. Fundi.

Fundi: Nipo, mzee.

Mzee Kona: Plasta haifai kwenye waya.

Fundi: Haifai hata kidogo. Inanyonya maji, itavuja tena. Kata hizo nyeupe, unganisha ya kahawia kama—

Mzee Kona: Sijasema kukata. Nimesema haifai. Nifundishe unavyofunga wewe.

Fundi: Nikufundishe... kukifunga kiungo chake?

Mzee Kona: Huwezi?

Fundi: Naweza. Bandua plasta. Sokota shaba upya, kaza. Uzi wa nta unao?

Mzee Kona: Uko wa kushonea, kwenye boksi la vifungo la binti, liko hapa bandani.

Fundi: Paka nta ya mshumaa. Zungusha mara kumi, mizunguko ishikane. Halafu tepu nyeusi, uivute kidogo unapozungusha.

Mzee Kona: Vidole bado vinaona. Ngoja... saba... nane... Hivi. Sasa naipitisha huku juu, mbali na reli.

Fundi: Hapo hapo. Haitagusa tena.

Mzee Kona: Na fyuzi mpya... moja, mbili, tatu, ya nne. Imekaa. Haijaungua.

Fundi: Na swichi, mzee? Iko wapi sasa?

Mzee Kona: (sauti ndogo ya kubonyeza) Iko alivyoiacha.

Fundi: Pampu siisikii.

Mzee Kona: Hutaisikia. Nyamaza, geti linalia. Ndiye huyo.

Fundi: Basi nikate—

Mzee Kona: Usikate. Nitaongea naye, wewe usikie. ...Niko humu, mama! Pole na kazi! ...Hapana, naongea na fundi. Gari limekataa kabisa. Anasema limemshinda.

Fundi: Limenishinda? Mzee! Mimi?

Mzee Kona: Anasema hata Jumamosi halitoki, mama. ...Eh, umeme. Umeme wa magari haya ya zamani. ...Mbona unalia sasa? Ni gari tu. Nenda ukaweke chai, nakuja.

Fundi: Mzee Kona, mji mzima utajua kesho. Jina langu mimi—

Mzee Kona: Mpigie daktari wa meno. Mwambie atangulie yeye Jumamosi, na apunguze mwendo kona ya shule.

Fundi: Nitamwambia.

Mzee Kona: Na hilo gari, fundi?

Fundi: Lakini mzee...

Mzee Kona: Salio linaisha, kijana. Sema kwa nguvu, amesimama hapa mlangoni.

Fundi: Limenishinda, mzee.

Mzee Kona: Kwa nguvu!

Fundi: Limenishinda! Shikamoo!

Mzee Kona: Mara—