Papa Octave, Sikio la Barabara ya Kabambare

Tarehe 31 Oktoba 2024, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, Papa Octave Amuri, dereva wa gari la wagonjwa la hospitali yetu hapa Kasongo, atakabidhi funguo na kwenda kupumzika. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Sidonie, muuguzi wa wodi ya wazazi, niandike habari zake kwa ajili ya programu hii. Nilikubali haraka, kisha nikakaa na karatasi bila kujua nianzie wapi, maana watu wengi wanaokuja kumuaga hawamkumbuki kwanza kama dereva. Wanamkumbuka kwa yale aliyowaambia kuhusu nyimbo zao.

Papa Octave ni mtoto wa wakulima wa Lusangi. Alijifunza ufundi wa magari kwa mafundi wa sokoni, akaingia hospitali mwaka 1990 kama fundi, na baada ya muda mfupi akapewa usukani. Gari lile la kwanza lilikuwa na redio ya kaseti. Kwenye barabara ya Kabambare, ambako mtu anaondoka akiwa msafi na kufika akiwa rangi ya udongo, redio ile ilikuwa rafiki yake. Alisikiliza kila kitu. Alisikiliza kanda moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaigeuza, akaanza tena, na alipofika hospitali alikuwa na maoni tayari.

Vita vilipokuja na gari likachukuliwa, wengi walidhani atarudi shambani. Alitafuta baiskeli, akaifungia kitanda cha miti, akawa anasukuma wagonjwa kutoka vijijini. Kwenye baiskeli alining'iniza redio ndogo, na mchana alianika betri zake juani ili zipate nguvu kidogo. Kina mama waliosukumwa kwa baiskeli ile, kabla hospitali haijapata gari jingine, bado wanasimulia kwamba Papa Octave aliwauliza wanaonaje wimbo fulani, na walipojibu kwamba ni mzuri, aliwaeleza kwa utaratibu kwa nini si mzuri.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Albamu nzuri, alisema, ni ile ambayo dereva anaweza kuivumilia kwenye daraja bovu. Rumba ya Kinshasa aliipenda kuliko vyote, lakini hakuona haya kuikosoa. Mwimbaji alipoanza kutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo, Papa Octave alilalamika kwamba gitaa linangojeshwa kama mtu kwenye foleni. Muziki wa vijana wa Tanzania aliusifu kwa ngoma, akasema maneno yake ni sukari nyingi katika chai kidogo. Kuna daktari mgeni aliyemwachia kaseti ya kinanda cha kanisani, muziki wa Ulaya wa zamani sana. Aliisikiliza mwezi mzima, kisha akasema: "Huyu mutu anapiga kama anayetafuta funguo gizani. Lakini akizipata, nyumba yote inafunguka." Mimi nilicheka. Baadaye niliomba kuisikiliza, na sikucheka tena.

Hakumhurumia mtu kwa sababu ya cheo. Mkurugenzi wetu, Daktari Gérard, hupiga gitaa kwenye sherehe za hospitali. Siku moja alimwuliza Papa Octave mbele ya wote kama kuna maendeleo. "Dokta," alijibu, "mikono yako iko mizuri sana kwa kupasua." Daktari Gérard alicheka hadi akafuta machozi, na bado anapiga gitaa, na Papa Octave bado anatoka nje akianza.

Vilevile hakubagua dini. Mwalimu Iliasi, anayefundisha kaswida vijana wa msikiti wa karibu na soko, alimletea rekodi yao akitaka baraka tu. Akaambiwa kwamba dufu zinakimbia kama mtu aliyeona mvua na nguo ziko kwenye kamba, na kwamba msichana anayeimba mwishoni angeimba mwanzoni, maana yeye ndiye anayeamini anachokisema. Iliasi aliondoka bila kuaga. Maulidi iliyofuata, msichana yule alianza, na uwanja mzima ulinyamaza. Tangu hapo Papa Octave, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, ndiye anayesikia kaswida zao kabla ya shehe.

Alikosea pia, na tuliona alivyo anapokosea. Rapu ya wachimbaji wa Salamabila aliiita ugomvi wa sokoni. Kisha akatumwa kubeba vijana walioumia shimo lilipobomoka. Wenzao waliwasindikiza hadi kwenye gari wakiimba ile rapu yao, kwa pumzi fupi fupi, bila ala yoyote. Aliporudi alisimama kwenye mkutano wa asubuhi, ambako hujadiliwa wagonjwa na dawa, akaomba neno. "Nilikosea juu ya rapu," alisema. "Kule chini hakuna pumzi ya kuvuta sauti ndefu. Wanaimba vile wanavyopumua." Akaketi. Tukaendelea na dawa.

Lakini niliyekabidhiwa kalamu ni mimi, na mimi nina safari moja ambayo sijawahi kuiandika.

Ilikuwa msimu wa mvua, mwaka 2017. Tulikuwa tunarudi kutoka Salamabila, Papa Octave na mimi, tulipozuiwa njiani na muuguzi wa kituo kidogo cha afya. Mama mmoja kijana aitwaye Rachelle, mkulima, alikuwa amejifungua asubuhi ile. Mtoto alikuwa mzima, mikononi mwa bibi yake, ila damu ya mama haikukoma. Pale kituoni hapakuwa na damu ya kumwongezea. Tulimlaza nyuma ya gari, nikaning'iniza seramu, maji ya mshipani, nikamchoma sindano, nikaanza kukanda tumbo lake kwa mikono miwili. Mume wake, Heri, mchimba dhahabu mwenye mabega mapana, aliketi miguuni pake, hana la kufanya.

Redio ilikuwa inaimba, kama kawaida. Siku hizo alitumia flash, na Salamabila alikuwa amenunua albamu ya kwaya fulani ya huko.

"Papa Octave, zima muziki," nilimwambia.

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye redio Rachelle aliponong'ona, macho yamefungwa: "Uache. Ni sisi."

"Ninyi nani?"

"Korali yetu. Ni sisi tunaimba."

Papa Octave alinitazama kwenye kioo. Nilitikisa kichwa kwamba hali si nzuri, maana Rachelle alikuwa ameanza kuchukuliwa na ule usingizi tunaouogopa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilimwita jina kwa sauti, hakujibu.

"Bon," Papa Octave akasema kwa sauti kubwa. "Kama ni ninyi, niwaambie kweli. Wimbo wa pili mumeuharibu."

Gari liliruka shimo. Heri aligeuza shingo polepole kama mtu asiyeamini masikio yake.

"Tumeuharibu wapi?" akauliza Rachelle. Alikuwa amefungua jicho moja.

"Kinanda kina makelele. Tena iko mutu wa sauti ya pili anajificha. Anaimba kama amekuja kuomba chumvi kwa jirani."

"Sauti ya pili ni mimi."

"Basi ni wewe unajificha."

Heri aliinuka nusu. "Muzee, iko namna gani? Mutu anakufa na wewe unamutukana?"

Mikono yangu haikuweza kuacha tumbo, kwa hiyo nilimzuia Heri kwa goti. "Mwache," nilimwambia. "Tazama macho yake." Akatazama. Macho yote mawili ya mke wake yalikuwa wazi, na yalikuwa yamekasirika.

"Sikujificha," Rachelle alisema. "Maestro alitaka niimbe chini. Redio yako ndiyo mubovu."

"Redio yangu imebeba waimbaji kuliko kanisa lenu."

"Imewabeba vibaya."

Wakaendelea hivyo. Papa Octave akishambulia, mama akijitetea, neno kwa neno, na mimi nikihesabu mapigo ya moyo yaliyokimbia chini ya vidole vyangu. Damu haikomeshwi na maneno. Dawa na mikono vilifanya kazi yake, na nilijua havitoshi mpaka tufike. Lakini muuguzi aliye peke yake nyuma ya gari, mikono imeshikwa, hawezi kuona kila kitu. Sauti ya Rachelle ilinionyesha yuko wapi. Ilipokuwa na hasira, nilikanda kwa moyo. Ilipofifia, nilipiga kelele, na Papa Octave akatafuta kosa jingine katika albamu.

Kabla ya Lusangi tukazama. Tope lilishika magurudumu mpaka katikati, gari likalala upande. Papa Octave na Heri walishuka. Wakulima waliokuwa wakitoka mashambani waliacha vikapu vyao kando ya barabara, wakaja kusukuma, wanaume kwa wanawake. Nilimwona Papa Octave akiwa ameinama, bega kwenye mlango, tope limefika magotini, na kila walipojaribu na kushindwa alipiga kelele kupitia dirisha:

"Na ile refreni, kile kiitikio! Mumeirudilia mara ngapi? Hamukujua njia ya kutoka?"

Wakulima walimwangalia. Mwanamke mmoja aliuliza kama dereva ana homa.

Kutoka ndani Rachelle hakujibu. Papa Octave akaita tena. Kimya. Niliona uso wake ukibadilika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu huyu akiogopa, yeye aliyesukuma wagonjwa katikati ya vita. Alikuja dirishani, mikono imejaa tope, akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Mama Rachelle. Nimesema unajificha. Kama si kweli, imba. Nionyeshe."

Akapitisha mkono, akarudisha wimbo wa pili mwanzo, akaongeza sauti.

Kwaya ikaanza. Sauti ya kwanza ikapanda, zile nzito za wanaume zikaingia. Mara, chini yao, kutoka kwenye kitanda changu, ikatoka sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba kama uzi. Ilikatika, ikaungana, ikakatika. Lakini ilikuwa mahali pake hasa, katikati ya sauti zile nyingine, pale ambapo kwenye rekodi palikuwa na kivuli tu. Ghafla nilielewa wimbo ulivyotakiwa kuwa. Wakulima wa Lusangi, mikono juu ya bati la gari, walitulia. Heri aliweka paji la uso kwenye mlango.

Papa Octave hakutoa maoni. Alisema tu, "Endelea, mama," akageukia watu: "Sasa!" Wakasukuma wote kwa pamoja, gari likatoka.

Hadi Kasongo hakukosoa tena. Wimbo ulipoisha aliurudisha. Rachelle aliponyamaza: "Endelea, mama. Bado kidogo." Naye aliendelea, wakati mwingine kwa mstari mzima, wakati mwingine kwa pumzi tu yenye umbo la wimbo. Nimekaa katika wodi ya wazazi maisha yangu yote ya kazi. Nimewaona wanawake wakipigania uhai kwa kupiga kelele, kwa kusali, kwa kushika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi. Sijawahi kuona mtu akiupigania kwa kuimba sauti ya pili.

Jua lilikuwa bado juu tulipoingia uani. Daktari Gérard, aliyepigiwa simu kutoka kituoni, alikuwa ametayarisha chumba. Damu ya Heri ilifaa, akalazwa kando ya mke wake na kutoa, huku akilia bila kujificha. Damu ikakoma. Rachelle akaishi. Bibi alifika na mtoto siku chache baadaye, juu ya pikipiki, kichanga kikiwa kimefungwa vizuri kifuani pake.

Papa Octave nilimkuta nyuma ya karakana, anaosha gari. Nilimwuliza kama alifanya yale kwa makusudi.

"Kwa makusudi, ndiyo," alisema. "Lakini kinanda kilikuwa kibaya kweli."

Mwaka uliofuata kwaya nzima ya Rachelle ilikuja Kasongo na wimbo ule waliourekodi upya. Hawakumpa rekodi. Walijipanga chini ya veranda ya maternite, wodi yetu ya wazazi, wakamwita Papa Octave, wakaimba mbele yake na mbele ya wagonjwa, Rachelle akiwa mstari wa mbele, mtoto mgongoni. Walipomaliza, sote tulimgeukia. Alisema wanaume bado wanachelewa kuingia, na mpiga kinanda atafutiwe kazi nyingine. Kisha akamtazama Rachelle, akavua kofia.

"Sauti ya pili," alisema, "sina neno."

Katika miaka yote niliyomfahamu, ndiyo mara pekee niliyoyasikia maneno hayo kinywani mwake.

Papa Octave, wafanyakazi wote wa hospitali wanakushukuru: kwa barabara, kwa baiskeli, kwa matope, na kwa kutotudanganya. Tunamshukuru pia mama Victorine, mke wako, aliyetukopesha wewe muda mrefu hivi na ambaye, anavyotueleza, huimba akipika bila kuomba ushauri wa mtu. Shamba la Lusangi likupokee vizuri. Uishi kwa amani, ule ushibe, usikilize unachokipenda, na mtu akikuuliza unaonaje, umwambie.