Edith Alisema Nini Jumapili

Mkabala na posho mill, kinu cha kusaga unga cha soko la Rongo, kuna benchi la mbao lisilokosa wazungumzaji. Saa tisa Kezia, muuza kahawa, anawasha jiko na kubandika birika la kahawa ya tangawizi, na kabla haijachemka wenyewe wameshafika: Maxwell, fundi wa simu, anayeitwa Network, Okari, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, anayeitwa Wakili, na mzee Cephas, ambaye wamempa jina Balozi kwa sababu hakuna vita duniani asivyovijua. Wiki hiyo Balozi alikuwa mzito wa maneno. Binti yake Edith alikuwa Beirut, kwenye kazi za nyumbani, na Beirut ilikuwa ikipigwa mabomu. Kwa siku kumi na moja kila akipiga simu alijibiwa na ile sauti ya mteja hapatikani. Hilo alilijua peke yake.

Wenzake walikuwa wakibishana kwa nini wasichana wengi walioenda kufanya kazi huko hawapatikani.

— Shida ni waya, Network alisema. Ile internet inapita chini ya bahari. Meli ya vita ikitupa nanga, imekata. Ndiyo wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki.

— Waya gani, omera, ndugu yangu? Wakili akadakia. Wale matajiri wamehamia milimani na wasichana wetu, wawapikie. Simu zote wametia kwenye gunia, adui asisikie sauti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Network hakukubali kushindwa. Alisema chini ya ule mji kuna mji mwingine, una maduka na hospitali na stima isiyopotea, na wasichana wako huko wanalipwa mara mbili. Wakili alitaka kujua hewa inaingilia wapi, kisha wote wawili wakamgeukia Balozi. Edith anasemaje?

— Alipiga Jumapili, Cephas akasema. Yuko sawa.

Kezia alimtazama, akaendelea kumimina.

Uwongo huo ulizaliwa nyumbani. Mjukuu wake Emmaculate, mtoto wa Edith, ana miaka tisa. Jumapili ile alikuwa amesukuma sahani ya ugali kwa siku ya tatu. Cephas alipoona mifupa ya mabega yake, akamwambia mama alipiga wakati yeye ameenda kuteka maji. Mtoto akala. Mzee akajiuliza, neno lililoshibisha mtoto lina dhambi gani? Akalirudia benchini, na kila aliporudia, akaliamini kidogo.

Jioni hiyo alifika mtu ambaye hajawahi kukaa pale, Mwalimu Metrine wa darasa la Emmaculate. Kezia alimpa kigoda. Mwalimu aliwasimulia kwamba Jumanne ya wiki iliyopita wachimbaji wa dhahabu walilipua baruti ng'ambo ya kilima, na Emmaculate akaingia chini ya dawati, asitoke mpaka wakati wa chakula. Alikuwa ameonyeshwa video za mabomu kwenye simu ya mtoto mkubwa. Wengine walicheka. Mwalimu alikaa naye sakafuni. Tangu siku hiyo wachimbaji huleta habari kabla ya kulipua, redio ya walimu haifunguliwi karibu na dirisha, na kila asubuhi Emmaculate hukaa na mwalimu kidogo, achore au anyamaze, vyovyote apendavyo. Tena kila Ijumaa wazazi wenye watu kwenye nchi za vita huitwa kunywa chai shuleni, wasibebe peke yao.

— Tulikungoja, mzee. Hukuja.

Barua ya mwaliko Cephas alikuwa ameipata. Aliona chai ile ni ya watu walio na matanga.

— Leo amecheka kidogo, mwalimu akaendelea. Amewaambia wenzake mama alipiga, na anataka kumwandikia jibu. Nilipomuuliza mama alisema nini, akasema babu ndiye anajua. Kwa hivyo nimekuja kuuliza. Edith alisema nini?

Network akainamia simu yake, na kioo kilikuwa giza. Cephas akatafuta maneno ya kumpa. Edith huanza vipi? Huanza na, baba, umekula? Angesema hivyo tu, ingetosha. Lakini aliona mtoto akiyaandika maneno yale na kuyatunza miaka yote.

— Hakupiga, akasema. Siku kumi na moja sasa.

Hakuna aliyemlaumu. Kezia aliinamisha birika, likatoa machicha.

— Basi kesho asubuhi uje, tumwambie pamoja, mwalimu akasema.

— Ataniuliza kama yuko hai. Nitamjibu nini, mwalimu?

Metrine alitazama benchi lote, mmoja mmoja, kana kwamba yupo wa kumsaidia.

— Utasema hujui, mzee. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo.

Asubuhi Cephas alifika kabla ya kengele. Emmaculate alipomwona babu na mwalimu wamekaa nje ya darasa, alisimama, begi mgongoni, asisalimie.

— Hakupiga, alisema.

— Hakupiga, nyakwara, mjukuu wangu.

— Yuko hai?

— Sijui.

Mtoto alilia, nao hawakumnyamazisha. Alipomaliza akakaa katikati yao, akafungua daftari, akasema barua kwa mama ataiandika tu.